Daftari la Sukari na Aibu ya Siku ya Kliniki

Mhudumu yeyote aliyekaa walau miezi sita katika kliniki ya kisukari anayajua haya, maana hujirudia kila wiki. Mgonjwa ana miadi siku ya Jumatano. Tangu Jumapili jioni ameuweka ugali kando, chai anainywa bila sukari, vidonge alivyokuwa akivisahau anavimeza kwa saa, na usiku wa kuamkia kliniki amelala na glasi ya maji tu tumboni. Alfajiri yuko kwenye benchi kabla ya mlango kufunguliwa. Anachomwa kidole, mashine inasoma 6.8, muuguzi anaandika "vizuri, endelea hivyo hivyo", naye anarudi nyumbani kama aliyepokea cheti. Ijumaa sufuria ya ugali imerudi mahali pake.

Sisimulii hayo kwa kumcheka. Mgonjwa huyu amefanya kile afanyacho mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani, kwa sababu kliniki zetu zimemzoesha kuamini kwamba siku ya miadi ni siku ya mtihani. Ila yeye angalau amekuja. Yupo mwingine ambaye hatumwoni. Huyo amejipima kwa mashine ya jirani, akaona 14, akakumbuka jinsi alivyosemwa mara ya mwisho mbele ya wenzake kwenye benchi, akaamua kwamba ataenda mwezi ujao akiwa amejirekebisha. Mwezi ujao namba ni 15. Mwezi unaofuata haendi kabisa. Tunamwona tena baada ya miaka miwili, na safari hii amekuja kwa sababu ya kidonda cha mguu ambacho hakusikia maumivu yake kilipoanza.

Ni kwa ajili ya huyu wa pili ninaandika. Hoja yangu ni kwamba mgonjwa wa maradhi ya kudumu anapaswa kuachiliwa, na yeye mwenyewe ajiachilie, kutoka katika mazoea ya kujihesabu kuwa amefaulu au amefeli kwa kutazama namba. Vipimo vibaki. Malengo ya tiba yabaki pale yanapostahili. Kinachopaswa kuondoka ni ile fikra kwamba namba inasema jambo juu ya thamani, bidii au tabia ya mtu.

Tuanze na mistari yenyewe, kwa kuwa wengi huiheshimu kama kwamba imechorwa na maumbile. Hadi mwaka 1997 mtu alihesabiwa kuwa na kisukari iwapo sukari katika damu yake, baada ya kukaa usiku kucha bila kula, ilifikia milimoli 7.8 kwa lita. Mwaka huo Chama cha Kisukari cha Marekani kiliushusha mstari hadi 7.0, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999. Mtu aliyekuwa na 7.4 alilala mzima akaamka mgonjwa pasipo tone la damu yake kubadilika. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzuri: wataalamu waliona kwamba madhara katika retina ya jicho huanza kuongezeka karibu na kiwango hicho. Lakini ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani wakapima faida na hasara.

Shinikizo la damu lina historia ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2017 vyama vya wataalamu wa moyo vya Marekani viliusogeza mstari wa shinikizo la juu kutoka 140/90 hadi 130/80, na kwa kalamu hiyo moja sehemu ya watu wazima wa nchi hiyo wanaohesabiwa kuwa na ugonjwa ikapanda kutoka takriban asilimia 32 hadi 46. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilibaki na 140/90 kuwa mahali pa kuanzia dawa kwa watu wengi. Mama mwenye 134/84 basi ni mgonjwa katika chumba kimoja na mzima katika chumba kingine. Akiuliza yeye hasa ni nani kati ya hao wawili, ameuliza swali la busara sana.

Jibu la kweli ni kwamba hatari haina kizingiti. Inafanana na mteremko: kadiri unavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyopungua, wala hakuna hatua moja ambayo ukiivuka unaanguka shimoni. Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS, uliochapishwa mwaka 1998, uliwafuatilia wagonjwa 3,867 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Kundi lililodhibitiwa kwa nguvu lilikuwa na wastani wa HbA1c wa asilimia 7.0 na kundi lingine 7.9 kwa muda wa miaka kumi. Tofauti hiyo ndogo ilipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu, hasa ya macho na figo, kwa takriban robo. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba namba hazina maana. Zina maana kubwa.

Lakini tazama mteremko huo unavyokaa. Sehemu yake kali iko juu. Anayeshuka kutoka HbA1c ya 11 hadi 8.5 amejiokoa na hatari nyingi kuliko anayeshuka kutoka 7.4 hadi 6.9. Sasa mwendee yule wa kwanza kliniki. Ametoka 11. Ameacha soda, anatembea kwenda sokoni, anameza dawa, na baada ya miezi sita ya jasho ana 8.5. Mstari ni 7. Kadi yake itaandikwa "bado haijadhibitiwa", na pengine ataulizwa kwa sauti ya ukali anakula nini huko nyumbani. Yule wa pili, aliyepata faida ndogo, atapongezwa. Ukimpima mtu kwa mstari peke yake, unaiadhibu kazi kubwa na kuituza kazi ndogo, na anayeadhibiwa kwa kufanya kazi kubwa haendelei kuifanya kwa muda mrefu.

Kwa wasomaji ambao si wahudumu, nieleze kipimo hiki cha HbA1c, kwa kuwa kinawachanganya wengi. Chembe nyekundu za damu huishi kwa takriban siku 120, na katika uhai wake sukari hunata juu ya himoglobini iliyomo ndani yake. Kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ndiyo maana siku tatu za kujinyima haziwezi kukibadilisha, na mgonjwa aliyezoea kufaulu kwa kuchomwa kidole hushtuka anapoambiwa kwamba wastani wake ni 10. Hata hivyo nacho si msahafu. Kwa mwenye selimundu, ambaye chembe zake hufa mapema, au kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, namba hiyo yaweza kupotosha kabisa. Katika nchi yenye selimundu nyingi kama Tanzania, hilo si jambo la pembeni.

Kuna hatari nyingine, kubwa kuliko aibu, katika kulikimbilia lengo bila kumtazama mtu. Huko Marekani na Kanada ulifanyika utafiti uitwao ACCORD, uliowahusisha watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili na hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 62. Kundi moja lilitakiwa kuishusha HbA1c chini ya 6.0, yaani kuikaribia ya mtu asiye na kisukari. Kundi lingine liliwekewa lengo la kati ya 7.0 na 7.9. Kwa mantiki ya mtihani, wa kwanza walipaswa kuishi zaidi. Mwaka 2008, baada ya wastani wa miaka mitatu na nusu, tiba kali ilisitishwa mapema, kwa sababu kundi hilo lilikuwa limepoteza watu 257, na kundi la lengo legevu 203. Matukio ya kushuka sana kwa sukari nayo yalikuwa mengi zaidi upande wa waliobanwa.

Tangu hapo miongozo mingi imetamka waziwazi kwamba lengo hutegemea mtu. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaridhia HbA1c ya chini ya 8.0 kwa mzee mwenye maradhi kadhaa, na kwa aliye dhaifu sana kinashauri kutolitegemea kabisa lengo la namba, ila kuepuka dalili za sukari kupanda sana au kushuka sana. Katika vituo vyetu, naona, habari hii haijafika kwenye ulimi. Mzee wa miaka 78, mwenye figo zilizochoka, anaishi na mjukuu anayeondoka alfajiri, bado anahimizwa afikie namba ileile aliyopewa mwalimu wa miaka 40. Na dawa aliyopewa mara nyingi ni glibenclamide, ambayo Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imetahadharisha kwamba haiwafai walio na zaidi ya miaka 60. Mzee huyo akijibana kwa uaminifu, yaani akiwa mgonjwa "mzuri", ndipo yuko hatarini zaidi. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi, atasema maneno yasiyoeleweka, na nyumbani watadhani ni uzee, au ni pombe, au ni mambo ya kurogwa. Akianguka na kuvunjika nyonga, daftari lake litakuwa linaonyesha sukari nzuri tangu mwezi wa pili.

Nimetaja daftari, na hapo pana jambo linalohitaji nafasi. Mgonjwa anayejipima nyumbani hupewa daftari la kuandika matokeo. Ukiyapitia madaftari mengi utajifunza kuyatambua yaliyoandikwa usiku mmoja: kalamu ileile, mwandiko uleule, na namba zilizonyooka kama mstari wa wanafunzi wa paredi, 6.5, 6.7, 6.4, 6.8. Daftari la kweli lina madoa ya chai na lina 5.1 karibu na 13.9. Namba nzuri za uongo zina gharama inayofahamika vizuri: daktari akiziamini anaacha dawa ilivyo, sukari halisi inaendelea kupanda, na figo haidanganyiki. Au kinyume chake, anaona kidole cha siku ya kliniki ni 12 ilhali daftari ni zuri, anadhani mashine ya nyumbani ni mbovu, na nusu saa inapotea wakibishana juu ya mashine.

Zaidi ya hayo, kujipima sana hakumsaidii kila mtu. Kwa anayetumia insulini ni lazima, kwa sababu kipimo cha asubuhi ndicho kinachoamua dozi. Lakini kwa mwenye kisukari cha aina ya pili asiyetumia insulini, mambo ni tofauti. Utafiti wa ESMON wa Ireland ya Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2008, uliwagawa wagonjwa 184 waliogunduliwa karibuni katika makundi mawili, moja likijipima nyumbani na jingine lisijipime. Baada ya mwaka mmoja HbA1c za makundi hayo hazikutofautiana kwa maana yoyote. Kilichotofautiana ni hali ya moyo: waliojipima walikuwa na alama mbaya zaidi za huzuni. Kila asubuhi walikuwa wakiamka na kupewa hukumu ambayo hakuna aliyewafundisha la kuifanyia. Ukiongeza kwamba hapa kwetu vijiti vya kupimia hununuliwa kwa fedha ileile inayotakiwa kununua mboga na dawa, ni haki kuuliza kila mara: namba hii ikipatikana, tutabadilisha nini? Kama jibu ni "hakuna", kidole kipumzike.

Na uzito? Hapa mgonjwa wetu ana mizani mbili, na zinavutana. Mizani ya kliniki inamwambia apunguze. Inatumia uwiano wa uzito na urefu, kanuni iliyotungwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hisabati na falaki. Quetelet alikuwa akimtafuta "mtu wa wastani" katika jamii nzima, na wala hakuwa tabibu. Jina ambalo kanuni hiyo inalo leo katika tiba lilitolewa na Ancel Keys na wenzake mwaka 1972. Ni kanuni nyepesi na inafaa kwa kuhesabu watu wengi kwa pamoja, lakini haijui kama uzito ni misuli ya mbeba mizigo au mafuta ya tumboni, na vizingiti vyake havimfai kila mtu duniani. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikiri mwaka 2004 kwamba kwa watu wa Asia hatari huanza mapema kuliko 25, wakapendekeza 23 kuwa mahali pa kuanza kuchukua hatua.

Mizani ya pili ni macho ya mtaa. Kwetu mtu mnene huambiwa "una afya", na mwanamke aliyeongezeka baada ya ndoa huambiwa amenawiri, na mumewe hupewa heshima kwa hilo. Mwanamke mwenye kisukari akifanya yote aliyoshauriwa, akapunguza kilo saba kwa mwaka, hukutana na shoga yake sokoni na salamu ya kwanza ni: "Mbona umekwisha hivyo, mwenzangu? Kuna nini?" Swali hilo halina ubaya juu yake, lakini lina kumbukumbu ndani yake. Kizazi kilichoishi miaka ya 1980 na 1990 kiliwaona watu wakikonda kabla ya kufa, na huko Uganda ugonjwa wa UKIMWI ulipewa jina la silimu kutokana na kukonda huko. Aliyekonda bado hutazamwa mara mbili. Basi mama huyu, kwa kufuata mstari wa kliniki, amevunja mstari wa mtaa, na jioni anaongeza chapati ili uso urudi. Tunapomwona mwezi ujao tunaandika kwamba hana utii. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ni mizani gani iliyomlemea. Kwa maoni yangu swali hilo lingefanya kazi kubwa kuliko karatasi ya vyakula iliyobandikwa ukutani, yenye picha za matunda ambayo msimu wake haujafika.

Mazoea haya ya kujipima hayaanzi ukubwani. Mzazi huyapata mara ya kwanza kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, anapoona nukta ya mwanawe iko chini ya mstari wa katikati na ya mtoto wa jirani iko juu. Ni wachache wanaoelezwa kwamba mstari wa katikati umechorwa ili nusu ya watoto wenye afya wawe chini yake. Mistari hiyo, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, ilitokana na watoto wa miji ya Accra, Muscat, Oslo, Delhi, Pelotas na Davis, waliolelewa katika mazingira mazuri. Kazi ileile ilionyesha kwamba watoto wenye afya walianza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Tofauti hiyo ya miezi tisa ndiyo inayowanyima usingizi kina mama wengi wasio na sababu ya kuukosa. Kinachostahili kumshtua mhudumu ni mstari wa mtoto unaolala au kushuka kuliko ulivyokuwa, hata kama bado uko juu ya katikati. Mtoto mdogo wa umbo anayepanda kwa njia yake yuko salama kuliko mnene aliyeanza kuteremka.

Najua pingamizi litakalotolewa, na wanaolitoa si watu wazembe. Watasema: mwambie mgonjwa asijipime kwa malengo, naye atalegea, tumewaona waliolegea, tumewakata miguu. Pingamizi hili lina uzito, na kuna mahali ambapo nakubaliana nalo bila masharti. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana mjadala juu ya insulini. Akiikosa anaweza kufa ndani ya siku chache. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ana kila sababu ya kulikazania lengo la virusi kutoonekana kwenye kipimo, kwa sababu akilifikia na kubaki hapo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Na zipo namba zinazodai hatua papo hapo, ambazo kila nyumba yenye mgonjwa inapaswa kuzijua. Sukari chini ya 3.9 kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari: apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na kama amepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe kituoni. Sukari iliyopanda sana pamoja na kutapika, kupumua kwa nguvu au kusinzia: kituoni. Presha ya 180 kwa 120 yenye maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili: kituoni, usiku au mchana.

Lakini angalia namba hizo za hatari zinafanana katika jambo gani. Kila moja inamwambia mtu la kufanya. Hakuna inayomwambia yeye ni mtu wa namna gani. Ama kuhusu kulegea, waliolegea ninaowafahamu katika kazi hii hawakulegea kwa sababu waliambiwa wasijilaumu. Wengi walijilaumu hadi wakachoka. Anayefeli mtihani uleule kila mwezi kwa miaka sita huacha kwenda shule, na hilo halihitaji utafiti kulielewa.

Nini basi kifanyike mezani, katika zile dakika nane tulizo nazo na kila mgonjwa? Nadhani mengi yako katika sentensi ya kwanza. Kliniki nyingi huanza na namba: "Sukari yako iko juu, mzee." Inawezekana kuanza kwingine. "Shikamoo baba. Tangu tulipoonana, kipi kimekuwa kigumu?" "Marahaba, mwanangu. Ile dawa ya usiku inaniamsha na njaa." Tayari tuna habari ambayo mashine isingeitoa, na pengine ni dalili ya sukari kushuka usiku. Namba ije baadaye, isomwe na wote wawili, ilinganishwe na ya mgonjwa huyohuyo miezi mitatu iliyopita. Lengo liandikwe kwenye kadi kwa jina lake na kwa sababu yake: kwa mzee huyu, kati ya 7.5 na 8.5, kwa kuwa anaishi peke yake mchana. Daftari lipokelewe kwa shukrani likiwa na 14 ndani yake, maana aliyeandika 14 ametuamini, na huo ni mwanzo wa tiba. Na mazungumzo ya namba yasifanyike benchini mbele ya watu. Hilo halihitaji bajeti.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Unaweza kumwambia mhudumu, kwa adabu na bila woga, "Daktari, hii namba ni ya wiki ambayo nilikuwa msibani, dawa niliikosa siku nne." Unaweza kuuliza lengo lako ni lipi na kwa nini ni hilo. Unaweza kuja hata kama namba ni mbaya, hasa kama ni mbaya; kliniki iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Linabaki jambo la vituo vyenyewe, maana nasi tumo kwenye mizani. Vituo vingi huandika ripoti ya asilimia ya wagonjwa waliofikia lengo. Chukua kliniki yenye wagonjwa 100, ambao 40 wako ndani ya lengo. Asilimia 40. Katika wale 60 waliobaki, 20 wanachoka kusemwa na kuacha kuja. Robo inayofuata kliniki ina wagonjwa 80, na walio ndani ya lengo bado ni 40. Asilimia 50. Kliniki imepanda kwa pointi kumi, na hakuna mtu hata mmoja ambaye sukari yake imeshuka. Meneja atapongeza, jedwali litabandikwa ofisini. Ningependa kando ya jedwali hilo ibandikwe safu nyingine isiyo na asilimia, ya waliokosa miadi miwili mfululizo, na mtu mmoja apewe asubuhi ya Ijumaa kuwapigia. Namba zao za simu zimo katika rejesta ya mapokezi.